Matundu Kumi na Tangi Moja: Shajara ya Choo cha Shule Yetu, Newala, 2024

Jumatatu, 19 Februari

Shimo la choo cha wavulana limetitia usiku. Mvua za msimu huu hazikutupa nafasi, na udongo wetu huku juu ya Uwanda wa Makonde ni mchanga. Ukilowa sana haujishiki. Watoto wa zamu walipokwenda kufagia walikuta sakafu imelala upande mmoja na tundu la pili halionekani kabisa. Mwalimu Mkuu alinipigia kabla sijafungua ghala. Nilipofika alikuwa amekwisha kuzungushia mianzi na kamba, na amemsimamisha hapo kijana mmoja wa darasa la saba mwenye sauti kubwa awafukuze wadogo.

Hakuna mtoto aliyekuwamo, Alhamdulillahi. Ingekuwa saa nne, wakati wa mapumziko, leo tungekuwa msibani.

Mimi ni karani wa chama cha msingi cha korosho na mzazi wa watoto wawili hapa shuleni. Jioni kamati ya shule imeniteua katibu wa ujenzi. Sababu waliyoitoa ni kwamba mwandiko wangu unasomeka. Basi nitaandika.

Hali yenyewe ni hii. Shule ina wanafunzi 412: wasichana 214, wavulana 198. Mwongozo wa serikali unataka tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Kwa hesabu hiyo tunahitaji matundu 11 ya wasichana na 8 ya wavulana. Hadi jana tulikuwa na mawili na mawili. Leo tuna mawili tu, ya wasichana, na wavulana wanakwenda mikoroshoni.

Jumamosi, 2 Machi

Mkutano wa kijiji, chini ya mwembe wa ofisi. Nilitegemea watu thelathini, wakaja zaidi ya mia, pengine kwa sababu mvua ilikuwa imekata na palizi inachosha.

Mwenyekiti alianza kwa kueleza utaratibu. Tangu Januari 2018, Rais Magufuli alipopiga marufuku michango shuleni, walimu wetu hawagusi hela ya mzazi hata ya chaki, na wana haki ya kuogopa. Kwa hiyo mchango ni wa hiari, kibali kinaombwa kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, fedha zinakaa akaunti ya kijiji, na watia saini hawatoki miongoni mwa walimu. Mzee mmoja akauliza: elimu si bila malipo tangu 2016? Akajibiwa ndiyo. Akauliza tena: sasa hiyo hela ya serikali inakwenda wapi? Hapo nikasimama na karatasi yangu. Ruzuku ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na inayofika shuleni ni 6,000. Nyingine ni ya vitabu. Zidisha kwa 412, unapata 2,472,000. Gawa kwa miezi kumi na miwili: 206,000 kwa mwezi, kwa chaki, mitihani, michezo, utawala na kubadilisha bawaba za milango. Mzee akakaa. Hakuridhika, ila alikaa.

Kisha akasimama matroni, mwalimu wa kike pekee wa madarasa ya juu, akaeleza kwa nini wasichana wa darasa la sita na la saba hukosa siku tatu nne kila mwezi. Hakuna maji ya kunawia na mlango wa choo haufungi. Wanaume tukaangalia chini. Mimi nilijifanya ninaandika.

Bibi mmoja, kungwi anayeheshimika sana kijijini, ndiye aliyevunja kimya. Hakusimama. Alisema hapo hapo kwenye mkeka wake: "Wanangu, sisi tunamweka mwali ndani, tunamfundisha kujisitiri. Mwalimu naye anamfundisha kusoma. Sasa mnataka ajisitiri wapi, nyuma ya mkorosho?" Akafungua pindo la kanga, akatoa noti mbili za elfu tano zilizokunjwa hadi zikawa kama kidonge, akampa mjukuu azipeleke mezani.

Baada ya hapo mambo yalikwenda. Kuna aliyeleta jogoo, tukamnadi. Mwenyekiti akamnunua 20,000 akamrudisha, fundi cherehani akamnunua 15,000 akamrudisha, vijana wa bodaboda wakachangishana, na kadhalika. Jogoo huyo mmoja aliuzwa mara tano akaingiza 61,000. (Mara ya sita hakurudishwa mezani, maana alikwisha kukata kamba. Nyongeza ya baadaye: alikuja kuliwa na wachimba shimo mwezi Juni.) Jumla ya siku: 346,500.

Nyongeza ya wiki iliyofuata: Ijumaa msikitini na Jumapili kanisani zikapatikana 212,000 kwa pamoja. Nani alitoa zaidi sitaandika. Wameshaniuliza.

Alhamisi, 28 Machi

Mwezi mzima wa barua. Nimeandika kumi na moja, majibu matatu.

Jibu la kwanza lilikuwa zuri mno. Mfadhili mmoja alituma watu wawili na gari. Wakapiga picha jengo la zamani, wakapiga picha watoto, wakakaa na kamati saa nzima. Mwishoni wakasema wanaweza kutujengea darasa. Tukasema ahsante sana, ila shida yetu ya leo ni choo na maji. Wakasema wamesikia, lakini fungu lao ni la "miundombinu ya kujifunzia". Mjumbe wetu mmoja, mkulima, akauliza kwa upole kabisa kama mtoto aliyebanwa na haja anajifunza nini. Wakacheka, nasi tukacheka, wakapanda gari. Hawajarudi.

Nimekuja kugundua kwamba darasa lina wateja. Darasa linapakwa rangi, linawekwa kibao chenye jina, mgeni rasmi anakata utepe. Choo kinakatiwa utepe na nani? Ndiyo maana nimeacha kuandika "ujenzi wa matundu ya vyoo" kwenye kichwa cha barua. Sasa ninaandika "maji na usafi kwa wanafunzi 412" na choo kinatokea ukurasa wa pili. Mwalimu Mkuu anasema huo ni ujanja wa wanunuzi wa kangomba, wale wa magendo ya korosho. Namwambia kangomba anadanganya kipimo. Mimi nimebadilisha mpangilio tu.

Majibu mengine mawili yalitoka kwa waliosoma hapa. Mmoja yuko Mtwara mjini, mwingine Dar, Mbagala. Wamefungua kundi la simu la wahitimu na kila jioni wanatukanana kwa miaka yao ya kumaliza: "sisi wa 1998 tumefika laki tano, nyie wa 2004 mnatafuna nini?" Ushindani huo umetusaidia kuliko barua zangu zote.

Jumanne, 16 Aprili

Kibali kimetoka. Afisa Afya amekuja kuangalia eneo, akahamisha alama zetu za mashimo, maana tulikuwa tumeyasogeza karibu mno na pale tangi litakapokaa. Choo kikae angalau mita 30 kutoka chanzo cha maji, kasema, na akapima kwa hatua zake mwenyewe. Halmashauri imeahidi saruji mifuko 120 tukifika usawa wa msingi. Nimeandika "imeahidi" kwa penseli.

Jumatatu, 6 Mei

Kimbunga Hidaya kimepiga pwani Jumamosi. Huku kwetu ni upepo na mvua, migomba imelala, hakuna la kutisha. Lakini barabara ya kwenda Dar imekatika upande wa Somanga, Kilwa, na bati zetu 44 pamoja na mabomba yako kwenye lori upande wa pili. Dereva amenipigia: foleni haina mwisho, chupa ya maji imepanda bei, na anauliza nani atamlipa siku za kulala njiani. Nimemwambia Mungu ni mkubwa, nikakata simu, jibu ambalo halikumsaidia.

Kosa ni letu. Saruji inatengenezwa Mtwara hapa hapa, na bati tungeweza kuzipata Masasi kwa tofauti ya shilingi elfu mbili hivi kwa kila moja. Tulikimbilia bei ya Dar. 88,000 tulizookoa zimeliwa na posho ya dereva.

Jumatano, 22 Mei

Lori limefika. Bati mbili zimekunjika pembeni.

Jumamosi, 15 Juni

Kuchimba. Mashimo matano, kila moja kina cha mita tatu, na kila moja litabeba matundu mawili. Tulipanga vitongoji vipokezane: kila Jumamosi kitongoji kimoja, watu ishirini. Wiki ya kwanza walikuja kumi na tisa, leo wamekuja sita. Sikuwalaumu. Mikorosho inatoa maua, na ukichelewa kupuliza salfa, ukungu wa ubwiriubwiri unakula maua yote, na Oktoba huna cha kupeleka ghalani. Mtu anayetoka shambani saa tano uso wote njano, macho mekundu kwa salfa, huwezi kumwambia ashike sururu.

Juu ya hilo shule zimefungwa na ngoma zimeanza. Usiku jando na unyago, mchana watu wamelala. Mtu wa mjini angeuita uvivu. Mimi naona tulipanga kwa kalenda ya ofisi kazi inayofanywa na watu wanaokwenda kwa kalenda ya mkorosho. Tumewalipa vijana wanne wachimbe kwa mita, kwa hela ya wahitimu.

Kilichonifundisha zaidi leo ni fundi wa shimo, mzee mwembamba asiyesema sana. Alikataa mashimo ya pembe nne yaliyo kwenye mchoro. Alichora duara mchangani kwa kamba na kijiti, akasema mchanga ukisukuma ukuta ulionyooka unausukuma mpaka unapinda, lakini ukisukuma duara, matofali yanakabana yenyewe. Shimo la zamani lilikuwa la pembe nne na halikujengewa hata tofali moja. Anashuka ndani na matofali ya saruji, anapanga safu bila udongo wowote kwa chini, akiacha mianya ya vidole viwili maji yapate njia, na kuanzia nusu kwenda juu anaunga kwa saruji. Kila safu tatu anagonga kwa mpini wa mwiko na kusikiliza. Nikamuuliza anasikiliza nini. "Pakilia pwaa, nyuma kuna tundu," akasema, akaendelea.

Jumapili, 4 Agosti

Misingi imekamilika, jamvi limemwagwa, saruji ya Halmashauri imekuja yote 120. Nimefuta penseli nikaandika kwa kalamu.

Hela imekwisha. Wahitimu wametoa 4,128,000 na pumzi imekata. Si haki kuwakamua zaidi. Tuna kuta za choo hadi usawa wa lenta, bati zimelala stoo ya chama, na tangi halijaanza.

Jumamosi, 24 Agosti

Mkutano mkuu wa chama cha msingi. Nimehudhuria kama karani na nimeandika kama katibu wa ujenzi, na kwa kuwa ni mtu mmoja nilikaa kimya.

Hoja: kila mkulima akatwe shilingi 20 kwa kila kilo ya korosho msimu huu, ziende shuleni. Mzee wa mbele akainuka kabla mwenyekiti hajamaliza. Makato yapo tele, akasema: ushuru wa halmashauri, wa chama, wa chama kikuu, usafiri, ghala. Leo choo, kesho nyumba ya mwalimu, na kato likishaingia kwenye karatasi halitoki. Akakumbusha 2018, serikali ilipotangaza kununua korosho zote kwa 3,300 na watu wakasubiri malipo hadi mwaka mwingine. Alipokaa alipigiwa makofi, na hata mimi moyoni nilikubali nusu ya maneno yake.

Mama mmoja akauliza swali ambalo sikulitarajia. Aliyekwisha kuuza kwa kangomba tangu njaa ya Februari, yule aliyepewa hela ya unga kwa ahadi ya korosho, atachangia vipi na mzigo si wake tena? Jibu ni kwamba kato linamfuata anayeleta kilo ghalani, kwa hiyo mwenye kangomba ndiye atakayekatwa. Mkutano mzima ukaangua kicheko. Nafikiri kicheko hicho ndicho kilichopitisha hoja. Wakaongeza masharti mawili: msimu huu mmoja tu, iandikwe kwenye muhtasari, na kila baada ya mnada jumla ibandikwe ukutani kwa ghala, kilo na shilingi. Mzee wa mbele ndiye aliyedai la pili. Nimemshukuru pembeni. Akaniambia atakuja na miwani.

Jumamosi, 14 Septemba

Darasa la saba wamemaliza mtihani wiki hii. Wameondoka bila kukitumia choo tulichoanza kwa ajili yao. Binti yangu mkubwa yumo.

Duka moja limetukopesha mbao na misumari kwa dhamana ya mnada. Kupaua kumeanza.

Jumapili, 13 Oktoba

Minada imefunguliwa Ijumaa. Mwaka huu ni kwa mtandao wa TMX, yaani Soko la Bidhaa Tanzania, bei zinaonekana kwenye skrini badala ya kufunguliwa kwenye boksi, na zimepita 4,000 kwa kilo. Leo kijiji kizima kina adabu na salamu. Kwa bei hiyo shilingi 20 hakuna aliyeiona ikitoka.

Nimebandika karatasi ya kwanza. Mzee alikuja na miwani kweli. Alijumlisha kwa kidole, akanikuta nimekosea 400, nikasahihisha mbele yake.

Jumatano, 6 Novemba

Hesabu ya tangi Mwalimu Mkuu aliifanya ubaoni na darasa la sita, na nadhani ndilo somo bora la hesabu walilopata mwaka huu. Kunawa mikono kwa kibuyu chirizi, chombo kinachochirizisha maji kidogo kidogo, kunatumia nusu lita kwa mtoto kwa siku. Watoto 412 ni lita 206. Kusafisha choo, lita 60. Siku za masomo 194. Jibu: lita 51,604 kwa mwaka. Upande wa pili: paa la madarasa mawili lina mita 18 kwa 8, yaani mita za mraba 144. Milimita moja ya mvua ikiangukia mita moja ya mraba ni lita moja. Toa sehemu ya tano inayopotea. Mvua ya milimita 435 inajaza tangi la lita 50,000, na kwetu mvua ya mwaka hukaribia 1,000. Mtoto mmoja akauliza: sasa kwa nini tunaleta vidumu kutoka nyumbani? Mwalimu akafuta ubao.

Ni swali la haki. Wakati wa kiangazi dumu la lita 20 limefika shilingi 700 huku, na kila Jumatatu na Alhamisi mtoto anabeba lita tatu kwenda shule.

Tangi limesimama: la mviringo, kipenyo mita 5.7, kimo mita 2, nondo na wavu wa kuku ndani, lipu pande zote. Wiki mbili za kumwagia maji asubuhi na jioni likomae, na maji hayo tumeyanunua. Nimeandika matumizi: "maji ya kunyweshea tangi la maji, 84,000." Mkaguzi atacheka.

Ijumaa, 29 Novemba

Juzi uchaguzi wa serikali za mitaa. Tuna mwenyekiti mpya wa kijiji. Nimemkabidhi nakala ya daftari, akasoma kurasa zote na kuuliza jogoo ni nini.

Choo kimekwisha. Matundu sita ya wasichana, manne ya wavulana na mfereji wa haja ndogo, tundu moja kati ya hayo likiwa pana lenye mteremko na mkono wa chuma, na chumba cha kujisitiri chenye komeo la ndani. Matroni alilifunga na kulifungua mara tatu. Pamoja na mawili ya zamani, wasichana sasa wana manane: wasichana 27 kwa tundu. Wavulana karibu 50 kwa tundu. Mwongozo hatujaufikia, naandika ili asije mtu akasema tumemaliza.

Mapato hadi leo: kijiji 346,500, misikiti na makanisa 212,000, wahitimu 4,128,000, korosho kilo 287,400 kwa shilingi 20, ni 5,748,000. Jumla 10,434,500. Matumizi 10,251,500. Bakaa 183,000, ambayo ni malipo ya mwisho ya fundi wa tangi.

Jumamosi, 14 Desemba

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha tangu alasiri ya jana. Shule imefungwa, hivyo tulikuwa mimi, Mwalimu Mkuu na mlinzi tu, chini ya upenu, tunaangalia gata. Maji ya mwanzo yalikuwa ya kahawia, vumbi la miezi sita na majani, tukayaacha yamwagike nje. Yalipotakata mlinzi akageuza bomba. Sauti ya maji yakianguka ndani ya tangi tupu ilikuwa kubwa kuliko nilivyofikiri. Mwalimu Mkuu akavua kofia, sijui kwa nini.

Asubuhi nimetumbukiza fito: sentimita 27. Karibu lita 6,900.

Jumapili, 15 Desemba

Fito: sentimita 24.

Fundi anasema saruji mpya inakunywa, ni kawaida, nisiwe na haraka. Nimezunguka tangi nikipapasa kwa kiganja, nikakuta unyevu chini upande wa mashariki, pale bomba la kutolea linapoingia. Nimechora mstari kwa msumari.

Jumatatu, 16 Desemba

Sentimita 23 na nusu. Unyevu umevuka mstari wangu kwa upana wa kidole. Nimempigia fundi: 183,000 zake ziko benki na hakuna atakayezigusa, aje na saruji, na fito ikikaa mahali pamoja siku tatu nitasaini.

Anakuja kesho kwa basi la asubuhi kutoka Masasi.